Jicho Ndilo Kilenga cha Nyuma

Kwanza nilisikia ndoo. Ziwa lenyewe lilikuwa bado limejificha nyuma ya mawe makubwa, na njia iliteremka kwa kuzungukazunguka, lakini ndoo zilisikika wazi: pa, pa, papapa, pa. Nikasema moyoni, leo nimefika siku njema, kijiji kina harusi. Nikakaza mwendo, bunduki begani, miguu ikianza yenyewe kufuata mdundo. Nilipozunguka jiwe la mwisho nikawaona wanawake wamejipanga ufukweni, kila mmoja na ndoo na kijiti, wanapiga kwa nguvu zote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akicheza. Walikuwa wanamfukuza mamba ili mwenzao apate nafasi ya kuchota maji.

Vijana wangu mnaoanza kazi ya kulinda watu na wanyamapori, mmeniuliza mara nyingi jinsi ya kuipatia shabaha bunduki yenye mtutu laini. Ningeweza kuwajibu kwa mistari michache. Lakini mimi ni Mhaya, na sisi jibu fupi huliona kama ndizi mbichi: si kwamba haliliki, ila kwa nini ujitese? Basi kaeni.

Jina langu ni Koku. Nimezaliwa Kagera, nimefanya kazi Mwanza, na sasa nimestaafu nakaa Buzuruga, ambako wapiga debe wa stendi huamka kabla ya jogoo wangu na kumtia aibu. Sisi askari wa wanyamapori wananchi zamani walituita mabwana nyama, na mimi pamoja na gauni langu la kanisani nikaitwa hivyo hivyo. Nilikuwa napita njiani watoto wananiamkia, "Shikamoo mama Bwana Nyama!" Nami naitikia marahaba, maana jina ni la kazi, si la ndevu.

Yule mamba walimwita Mwenyekiti. Kulikuwa na ulimi wa mchanga uliotokeza ziwani karibu na pale wanapochotea maji, naye kila asubuhi jua likipanda alipanda mchangani, akalala kinywa wazi, hafanyi lolote, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Mwenyekiti wa kijiji, yule wa kuchaguliwa, hakulipenda jina hilo hata kidogo.

"Mngemwita hata Diwani," aliniambia kwa uchungu.

Mwenyeji wangu kijijini alikuwa Mama Minza, Msukuma mpana wa mabega, aliyesifika pwani yote ile kwa kuogelea. Wakati wa mvua kubwa aliwahi kuufuata mtumbwi uliokatika kamba na kuurudisha akiuvuta kwa mkono mmoja. Alfajiri yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza majini. Kisha siku moja akiwa anafua, Mwenyekiti akamdaka kitenge. Mama Minza hakuvutana naye. Alifungua fundo la kiunoni, akamwachia kitenge, akatoka mbio kama alivyozaliwa, akapanda na kijiji mpaka kwake. Kila mtu aliyekuwa njiani ghafla aliona jambo la maana juu ya mti. Watu walicheka baadaye, naye alicheka nao. Lakini tangu siku ile mguu wake haukugusa ziwa. Maji aliletewa na jirani. Alikaa uani akiwa amelipa ziwa mgongo, na kila upepo ulipoleta harufu ya maji niliona anavyoivuta mpaka ndani.

"Mwangaluka," nilimsalimu siku ya kwanza, kwa Kisukuma changu cha kuombea maji.

"Mwangaluka. Unaitwa nani?"

"Koku."

"Mhaya?"

"Mhaya."

"Basi mamba amekwisha. Utamsemesha Kiingereza, atakufa kwa mawazo."

Tukacheka mpaka kuku wakakimbia. Kisha akaniangalia bunduki, akaniangalia mimi, na sauti yake ikashuka. "Sikiliza, mdogo wangu. Ukimkosa, atahama wiki moja halafu arudi. Ukimjeruhi, atajificha kwenye matete na hasira zake, na mimi ziwa langu nitalisikia kwa masikio tu mpaka nizikwe. Nataka risasi moja. Halafu nimwone kwa macho yangu."

Risasi moja. Mahali pa kumpiga mamba akafa palepale, nyuma ya macho, ni padogo kama kiberiti. Raifo yetu ilikuwa imepelekwa matengenezo. Kibali cha wilaya kilikuwa kimetoka baada ya njia zote za kumhamisha kushindikana. Nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa shotgani ya zamani, ya kufukuzia nyani.

Hapa ndipo somo lenu linapoanza. Ndani ya mtutu wa raifo mna michirizi inayoizungusha risasi, nayo risasi inayozunguka huenda moja kwa moja kama pia ya mtoto. Mtutu wa shotgani ni laini kama koo. Kwa kawaida unamwaga marisau mengi madogo kama punje za mtama. Lakini yapo maganda ambayo ndani yake mna pande moja tu zito. Sisi kazini tuliliita bonge. Bonge lina nguvu za kutisha, ila kwenye mtutu laini linatoka kama mlevi aliyefunguliwa mlango: ataelekea nyumbani, ndiyo, lakini usiahidi watu ataingia kwa mlango upi.

Aliyenifundisha kumnyoosha mlevi huyo ni Mzee Magesa, Mjita mwembamba, mkubwa wangu kazini, mtu aliyeweza kukaa kimya mpaka kimya chenyewe kikaomba ruhusa. Niliporudi mjini alinipeleka kwenye shimo la mchanga upande wa Kisesa, penye ukuta mrefu wa udongo nyuma, maana sheria yake ya kwanza ilikuwa hiyo: kabla hujauliza risasi itapiga wapi, uliza itaishia wapi. Akasimamisha kipande cha boksi, akachora duara kwa mkaa.

Nilikuja na maganda ya aina mbili. Moja lilikuwa kwenye boksi jipya linalong'aa, limeandikwa kwa dhahabu, na nilikuwa nimelililia kwa mtunza ghala mpaka akanipa. Jingine boksi limepauka, rangi kama ya chai ya jana. Mzee alitazama boksi la dhahabu, akanitazama mimi, akasema tu, "Wahaya."

Nikapiga yale ya dhahabu. Matundu yakatawanyika kwenye boksi kama ndugu waliogombania shamba. Nikapiga yale yaliyopauka. Yakakaa pamoja kushoto, chini ya duara, yamekumbatiana kama vifaranga.

"Bunduki ina mdomo wake," alisema Mzee. "Inachagua chakula. Wewe ulikuwa unailisha pilau, yenyewe inataka ugali."

"Lakini zimepiga chini, Mzee. Hazijagusa hata duara."

"Ziache. Kwanza zikae pamoja. Zikishakaa pamoja, tutazihamisha. Huwezi kuhamisha familia ambayo kila mmoja analala kwake."

Shikeni neno hilo, maana naona mnavyofanya siku hizi: tundu la kwanza likienda kushoto, mnalenga kulia; la pili likienda juu, mnalenga chini; mwisho mnawinda kivuli chenu. Jaribuni maganda ya kila aina yaliyoruhusiwa kwa bunduki yenu, myapige kwa utulivu mkiwa mmeegemea kitu, na lile linalokaa pamoja, hata kama ni baya kwa sura, ndilo lioeni.

Kwenye ncha ya mtutu shotgani nyingi huwa na kitone kimoja tu cha kulengea. Changu kilikuwa kimeng'oka zamani. Mzee akanituma Mkuyuni nikatafute ushanga mdogo mweupe. Nikamkuta mama mmoja sokoni anauza shanga za kiunoni, mafungu kwa mafungu, rangi zote za senene na za machweo.

"Unataka nyuzi ngapi, dada?"

"Sitaki uzi. Nataka ushanga mmoja."

"Mmoja?" Akamgeukia jirani yake wa nyanya. "Jamani, huyu mume wake ana macho makali!"

Soko likalipuka. Na mimi badala ya kunyamaza nikasema, "Si wa mume, ni wa bunduki," na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Mama wa nyanya aliketi chini. Niliondoka na ushanga wangu umefungwa kwenye kipande cha gazeti, nikisindikizwa na ushauri ambao siwezi kuwaandikia.

Kwanza nilichukua mkubwa, nikaona unalifunika duara lote la mkaa. Nikarudi kwa kejeli ya pili, nikachukua mdogo kama punje ya ulezi. Ukagandishwa vizuri kwa gundi. Kitone kikubwa kinaonekana upesi lakini kinameza shabaha. Kidogo kinakuachia nafasi ya kuona unachokipiga.

Ila ushanga wa mbele ni nusu ya kazi. Niliuliza, "Mzee, na kilenga cha nyuma kiko wapi?" Akanigusa chini ya jicho kwa kidole chake kikavu. "Hiki hapa."

Nilikaa na maneno hayo miaka yangu yote. Kwenye bunduki isiyo na kilenga cha nyuma, jicho lako ndilo kilenga cha nyuma. Shavu likipanda kidogo juu ya kitako, bonge linapanda. Shavu likiteleza pembeni, bonge linateleza. Mtu anaweza kuwa na mkono wa chuma na bado akakosa kwa sababu leo ameinua kidevu kama anayepigwa picha ya pasi. Tukakata mpira wa ndani wa baiskeli, tukaufunga kwenye kitako mpaka shavu langu likakaa mahali pamoja kila nilipoinamisha kichwa. Nikazoea kufumba macho, kuinua bunduki, kulaza shavu, kisha kufumbua. Nikikuta ushanga umekaa katikati ya mtutu, vema. Nikikuta umekwenda kando, naanza upya. Nilifanya hivyo hata jikoni na mwiko. Matundu yangu yakapanda, yakaingia ndani ya duara, yote pamoja, kama watoto walioitwa kula.

Nikajiona nimefuzu. Mzee akasema niweke bunduki chini nikanywe maji. Niliporudi nikaiinua, nikalenga, nikavuta kifyatulio: kli! Kimya. Na mtutu ukachimba chini kama kuku aliyeona funza. Alikuwa ameweka ganda lililokwisha kutumika.

"Umeona?" akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Unaogopa kishindo ambacho hakijazaliwa."

Kuanzia hapo sikujua kamwe kama ndani mna ganda zima au tupu. Aliyaingiza yeye, nimegeuka. Nilijifunza kukikamua kifyatulio taratibu, kama mtu anayekamua ng'ombe mwenye wasiwasi, mpaka mlio wenyewe unishtue. Ganda tupu likilia kli na ushanga usitikisike, Mzee alipiga kofi moja tu. Kofi lake moja lilikuwa sherehe.

Na jambo la mwisho la Kisesa: kila asubuhi tulipofika, nilipiga bonge moja tu, mtutu ukiwa safi na baridi, tukatazama limeangukia wapi. Mtutu uliokwisha kupata moto hutupa tofauti kidogo na uliolala. "Mamba hatakusubiri upashe moto," alisema Mzee. "Risasi ya kwanza ya asubuhi ndiyo yako. Hizo nyingine ni za kujifurahisha."

Basi tukarudi kijijini. Mama Minza akatupikia ugali na sato, hakuuliza kitu, ila nilimwona anahesabu kwa macho matundu kwenye boksi nililomletea kama zawadi.

Mzee alinionyesha jiwe la kulalia, limeinuka juu ya ule ulimi wa mchanga. Katikati palikuwa na kijito cha maji. Akaniuliza ni umbali gani. Nikakadiria kwa kujiamini, nikasema ni ule ule wa Kisesa. Akamwomba mvuvi mmoja avute kamba ya nyavu kutoka jiweni mpaka mchangani, na kamba ikaenda, ikaenda, mpaka mvuvi akaanza kuimba. Maji hudanganya, ukitazama juu yake, mbali huonekana karibu. Tukatafuta jiwe jingine, la chini kidogo, na safari hii kamba ikasema kweli. Tena kutoka pale nyuma ya mamba palikuwa na kingo ya udongo, si maji. Kwa maana bonge likipiga maji kwa mlalo huruka kama kijiwe cha mtoto, na huko mbele kuna mitumbwi ya watu.

Nilihitaji kifuko cha kuegemeza bunduki. Mchanga wa ufukweni ulikuwa umelowa kwa mvua, mzito na wa kuganda. Pembeni, kwenye vichanja vya kuanikia, palikuwa na unga wa dagaa, makombo makavu, mepesi, yanakaa vizuri kama mto. Nikajaza kifuko changu humo, nikajisifu. Kwa kuwa wote tumeishi ziwani miaka mingi, hakuna aliyesikia harufu yoyote.

Asubuhi nimelala jiweni. Mwenyekiti akatoka majini, taratibu, akaburuza tumbo, akatulia, akafungua kinywa. Shavu limelala. Ushanga umekaa. Kidole kinakamua. Na hapo nyuma ya sikio langu nikasikia fuu, fuu, mbawa zikikunjwa. Korongo, mmoja wa wale vipara wanaorandaranda kwenye soko la samaki kama makarani waliokosa mshahara, alikuwa amesimama pembeni yangu. Alinitazama. Alikitazama kifuko. Kisha kwa heshima zote akakidonoa, akakivuta kutoka chini ya bunduki. Nikanong'ona, "Toka, toka baba," akaja wa pili. Walipoanza kugombana juu ya mgongo wangu, Mwenyekiti alifunga kinywa, akateleza majini bila kutikisa wimbi.

Niliporudi kijijini nina unga wa dagaa kwenye nywele, habari ilikuwa imenitangulia. Wanaume walikuwa wanasimuliana kwa kuigiza. Mzee Magesa alikuwa ameegemea mti, hawezi kusimama. Hata mwenyekiti wa kijiji alisahau ya jina la mamba. Mtu mmoja tu hakucheka.

"Alikuona?" aliuliza Mama Minza.

"Hakuniona. Aliona ndege."

"Una hakika?"

"Sikupiga, dada. Ningepiga wakati bunduki inatikisika ningemjeruhi. Ndiyo maana sikupiga."

Kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko mdogo aliokuwa ameushona kwa mkono, umejazwa pumba za mpunga, umekazwa vizuri kila pembe.

"Pumba hainuki," alisema. "Na korongo hali pumba."

Hakuna mwalimu aliyenipa kifaa bora kuliko kile.

Tulimpa Mwenyekiti muda asahau. Siku nyingine, jua likiwa limeshika vizuri na mawe yameanza kupata joto, nikalala tena mahali pale. Mtutu safi, baridi. Ganda la boksi lililopauka. Mfuko wa Mama Minza chini ya mkono wangu ukiwa mgumu na mtulivu kama goti la mama. Akatoka. Nilimwacha atulie mpaka upepo ukalala. Nilifumba macho, nikalaza shavu, nikafumbua: ushanga ulikuwa pale pale, katikati. Nikautuliza nyuma ya jicho lake, padogo pale, nikakamua, nikakamua, na mlio ukanishtua mimi mwenyewe.

Mkia ulipanda mara moja, ukashuka. Basi. Kinywa kilibaki wazi vile vile. Tulisubiri mpaka Mzee akaridhika, akaenda kumgusa kwa mti mrefu jichoni, akainua mkono.

Sikuwahi kufurahia kufa kwa mnyama, na siku ile pia sikufurahi kwa hilo. Alikuwa mzee, mzuri kwa namna yake, na alilala juani kama alivyopenda. Lakini vigelegele vilivyotoka nyuma ya mawe, vijana wangu! Wanawake walimwagika ufukweni wakaingia majini na nguo zao, wakarushiana maji, mabibi kwa wajukuu. Mama mmoja wa miaka mingi alikaa chini majini kabisa, akakataa kutoka. Mzee Magesa alinikaribia, akapiga kofi moja.

Mama Minza alikuja mwisho, polepole, amejifunga vitenge viwili. Alimzunguka mamba. Aliinama akatazama tundu, moja, nyuma ya jicho. Akaweka kidole chake kando yake, kama anayepima nguo.

"Moja," alisema.

"Moja, dada."

Hakuingia majini siku ile. Wenzake walimwita, wakamwimbia, wakamtania. Akatikisa kichwa, akarudi nyumbani. Mzee akaniambia nimwache, hofu nayo ina mwendo wake. Lakini nilikula chakula cha jioni nikiwa na jiwe moyoni, nikijiuliza kama nimempiga mamba na kuiacha hofu hai.

Asubuhi nililala mpaka jua likaingia kwenye nyufa za dirisha. Nikasikia miguu uani, kisha sebuleni nilipolala. Mama Minza alikuwa amesimama katikati ya chumba, beseni la nguo chafu kichwani, kipande cha sabuni mkononi, amejifunga kitenge kimoja tu, kwa fundo lililolegea.

"Nikusindikize?" nikamuuliza.

"Unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Basi utanichelewesha," akasema. "Chai iko jikoni."

Akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake kwa kisigino, na nikasikia anavyoteremka njia ya ziwani, akiimba.